Sketi ya kibaharia yenye mlango wa mbele: uchambuzi wa mshono mmoja wa Kisumu

Mteja ni dada wa mapokezi katika hoteli moja kando ya ziwa, mjini Kisumu. Alimpelekea fundi wake, karibu na soko la Kibuye, picha ya sketi ya bluu iliyokolea yenye safu mbili za vifungo vya dhahabu mbele na mistari mitatu myeupe juu ya pindo. Aliitaka ifike chini kidogo ya goti, isiwe na zipu, na aweze kukaa nayo kazini kutwa. Fundi alichora patani mwenyewe kwenye karatasi ya kaki, akashona, akakabidhi. Haikupita muda sketi ikarudi. Ilikuwa inagoma kupita makalioni, na pembe moja ya uwazi wa mbele ilikwisha kuchanika. Mteja akikaa, mbele paliachama. Tena baada ya kufuliwa, tepe nyeupe za pindo zilijikunyata na kuvuta kitambaa.

Dawa ya haraka ingekuwa kuongeza vifungo, kutia zipu ubavuni na kukandamiza pasi ya moto kwenye pindo. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingeponya sketi hii. Makosa mawili ya kwanza yalikuwa ndani ya patani, na la tatu lilitokea kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Kinachoifanya iwe ya kibaharia

Bluu na nyeupe peke yake hazitoshi, hasa hapa kwetu. Sketi ya bluu iliyokolea yenye marinda na utepe mweupe, ukimvalisha mtu mzima akatembea nayo Oginga Odinga Street, watu wataona sare ya shule. Ndiyo maana uamuzi wa fundi wa kuacha marinda ulikuwa mzuri, na ndiyo maana mlango wa mbele hauwezi kuwa pambo la kushonea juu tu. Huo mlango ndio unaobeba sura yote.

Umetoka kwenye suruali za zamani za mabaharia: kipande kipana cha mbele kinachofunguka kuelekea chini, kimeshikwa na vifungo kiunoni na pembeni. Suruali ya jeshi la majini la Marekani ilijulikana kwa vifungo vyake 13. Wako wanaosimulia kwamba vinahesabu makoloni 13 ya mwanzo, lakini idadi hiyo ilitokana na mlango wenyewe kupanuliwa. Mshonaji aliweke hilo akilini: vifungo hufuata ukubwa wa mlango na nguvu inayovutwa, havipangwi kwa idadi iliyo kwenye picha.

Mistari mitatu myeupe nayo inajulikana kutoka kola ya baharia wa Uingereza. Ile mistari mingi ya mlalo ni ya fulana ya mabaharia wa Ufaransa, iliyoingizwa kwenye kanuni za sare mwaka 1858 ikiwa na mistari 21 myeupe. Ibaki kwenye blauzi. Ukiizungusha kwenye nyonga za sm 106 utazipanua bure.

Sehemu za mbele ni hizi. Kuna paneli ya katikati, ambayo sehemu yake ya juu ndiyo mlango. Kuna paneli mbili za pembeni. Na ndani ya mlango kuna vipande viwili vilivyofichika, kimoja kila upande, vinavyotoka kwenye paneli ya pembeni na kukutana katikati ya tumbo. Tuviite mabawa. Vifungo vimeshonewa juu ya mabawa, vitundu viko kwenye mlango. Ukanda wa kiuno unazunguka mgongo, paneli za pembeni na juu ya mabawa, unafungwa katikati kwa kulabu, kisha mlango unapandishwa na kufungwa juu yake.

Kwa nini ilikwama makalioni

Vipimo vya mteja, vyote kwa sm: kiuno 78 akiwa amesimama na 80 akiwa amekaa, nyonga 106, kutoka kiuno hadi nyonga 21, urefu wa sketi 66. Patani ya kwanza ilikuwa na uwazi wa sm 11 tu kila upande wa mlango, kuanzia mshono wa ukanda kushuka. Kwa macho inapendeza, mlango unakuwa mfupi na nadhifu. Lakini pima mzunguko wa patani kwenye kimo hicho, dati, yaani mikunjo ya kupunguza kiuno, zikiwa zimetolewa: unapata takribani sm 104. Hapo sketi ni pete iliyofungwa, na kitambaa cha gabadini hakinyumbuki. Nyonga za 106 haziwezi kupita kwenye pete ya 104 bila kitu kuachia, na kinachoachia kwanza ni ncha ya uwazi, mahali mishono miwili inapokutana. Ule mpasuko wa pembe ulikuwa unasema wazi tatizo liko wapi.

Ukishuka hadi sm 18, patani hiyohiyo ina takribani sm 109. Nyonga zinapita na nafasi inabaki. Njia ya kupata kimo sahihi kwa mwili wowote ni kuzungusha tepu kwenye patani yenyewe, kila sm 1 kuanzia juu, ukitoa dati na nafasi za mshono, mpaka ufike pale ambapo mzunguko unazidi nyonga za mteja kwa sm 2 au 3. Hapo ndipo uwazi ukomee. Kwa mtu mwenye kiuno chembamba na makalio makubwa utashuka zaidi. Kwa mwenye kiuno na nyonga zinazokaribiana, hata 12 zinatosha.

Kwa nini iliachama

Hapa ndipo ilihitaji kutazamwa kwa makini. Vifungo vilikuwa vitatu kila upande, vimeachana kwa sm 5.5, nafasi ambayo si kubwa. "Fundi, nikisimama iko sawa," mteja alisema, "nikikaa inafunguka." Fundi akamjibu, "Hebu kaa tena dada, usiivute." Mikunjo ilijionyesha yenyewe: ilianza kwenye kila kifungo na kuelekea ndani, chini ya mlango. Kitambaa cha mlango kilikuwa kimetulia. Kilichokuwa kinanyooka na kusogea ni mabawa.

Mabawa yalikatwa kwa bitana nyepesi ili kiuno kisinenepe. Nia ni njema, lakini bawa ndilo linalobeba kifungo, na kifungo ndicho kinachobeba mvuto wote wa tumbo. Bitana nyepesi ikivutwa hujikunja kuzunguka shina la kifungo, kifungo hulala upande, mlango unasogea. Ukiongeza vifungo kwenye bitana hiyohiyo unaongeza tu mahali pa kuvutika.

Sababu ya pili ni vitundu. Vilikatwa wima. Mvuto hapa ni wa mlalo, kutoka katikati kwenda mbavuni, na kitundu cha wima kikivutwa ubavuni hufunguka. Kitundu cha mlalo kikivutwa, kifungo huenda hadi mwisho wa kitundu na kusimama hapo. Sketi hii ilitaka mlalo.

Ya tatu ni kiuno chenyewe. Kilikatwa 78 kamili, kipimo cha kusimama, ilhali mteja akikaa anafika 80. Zile sm 2 zilitafutwa kwenye vifungo. Kwa nguo ya kukalia kazini mpime mteja mara mbili, amesimama na amekaa kwenye kiti kigumu, utumie kipimo kikubwa.

Tepe zilizojikunyata

Dhana ya kwanza ya fundi ilikuwa kwamba pindo lina mviringo na utepe ulionyooka haulali kwenye mviringo. Dhana hiyo inafaa kujaribiwa kwa hesabu. Mzunguko wa nyonga ni 110 pamoja na nafasi ya kujisogeza, pindo ni 134, na kati yake kuna kimo cha sm 45. Mzunguko unaongezeka kwa sm 24 katika kimo cha 45, yaani karibu sm 0.53 kwa kila sm 1. Utepe wenye upana wa mm 10 una tofauti ya karibu nusu sentimita tu kati ya ukingo wake wa juu na wa chini, tena imesambaa kwenye mzunguko mzima. Pasi yenye mvuke inaimaliza. Mviringo haukuwa na hatia. Kwa sketi ya duara kamili hesabu ingekuwa nyingine kabisa, karibu sm 6.3 kwa kila sm 1 ya upana, na hapo hakuna utepe wa kunyooka utakaolala. Ungekata tepe za mshazari.

Tatizo lilikuja baada ya maji. Utepe ulikuwa wa pamba, haujaloweshwa. Gabadini ya poliesta na viskosi haisinyai sana. Pamba isiyoloweshwa ikisinyaa kwa asilimia 5, kwenye mzunguko wa 134 inapungua sm 6.7, na kwa kuwa imeshonwa pande zote mbili haina pa kwenda isipokuwa kukikunja kitambaa. Tepe zikafumuliwa, zikanyooshwa: kila moja ilikuwa fupi kuliko pindo.

Kwa hiyo kabla ya kukata, loweka vyote viwili. Utepe uzame kwenye maji ya moto, ukauke bila kuvutwa, upigwe pasi. Kitambaa kiloweshwe, kianikwe, kipigwe pasi upande wa nyuma. Hapohapo jaribu rangi: kata kipande cha gabadini cha sm 10 kwa 10, kiloweshe kwa maji ya sabuni, kiweke juu ya kitambaa cheupe ukandamize kwa pasi. Kikiacha bluu kwenye nyeupe, badilisha kitambaa au endelea kukisuuza mpaka kisichuje tena. Ile desturi ya kuloweka kwenye chumvi au siki haifungi rangi ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani. Utepe mweupe juu ya bluu inayochuja utakuwa wa kijivu mapema, na hakuna sabuni itakayourudisha.

Patani iliyorekebishwa

Jumla ya kiuno 80, nyonga 110. Chora nusu ya mbele na nusu ya nyuma, kila moja na upana wa 27.5 kwenye mstari wa nyonga, sm 21 chini ya kiuno.

Nyuma, kiuno cha nusu ni 18.5. Tofauti ya 9 igawe: 3 ubavuni kwa mkunjo laini, na dati mbili za 3 kila moja, ile iliyo karibu na katikati iwe na urefu wa 13, ya pembeni 12. Mbele, kiuno cha nusu ni 21.5. Tofauti ni 6: 3 ubavuni, na 3 zilizobaki zifichwe kwenye mstari wa mlango. Hii ndiyo faida kubwa ya sketi ya mlango: dati ya mbele inamezwa na mshono, haionekani.

Mstari wa mlango uwe sm 10 kutoka katikati kwenye kiuno, na sm 12 ukifika sm 18 chini. Kutoka hapo unashuka hadi pindo. Zile 3 za dati zichukuliwe upande wa paneli ya pembeni tu, zikianza 3 juu na kuisha kwenye ncha ya uwazi. Ukizigawa nusu kwa nusu, ukingo wa mlango unapinda na safu ya vifungo inaonekana imepotoka. Paneli ya pembeni inabaki na 11.5 kiunoni, na 15.5 kwenye nyonga.

Kwenye pindo panua kila ukingo wa mshono wa mlango kwa 2, na kila ukingo wa ubavu kwa 4. Mishono miwili ya mlango inaleta 8, mbavu mbili zinaleta 16, ndizo zile 24. Katikati ya mgongo ni mkunjo, hakuna mshono.

Bawa lina upana wa 12 juu (10 kufika katikati na 2 za kupandana) na urefu wa 18, ukiongezea nafasi ya mshono. Likate kwa gabadini yenyewe. Ukingo wake unaoungana na paneli ya pembeni ufuate mstari wa mlango. Ukanda wa kiuno: upana wa 4 ukiwa umekamilika, urefu wa 80 na 4 za kupandana. Mlango una kipande chake cha ukanda cha juu, urefu wa 20.5. Hiyo nusu sentimita ni ya unene, kwa sababu ukanda wa mlango unalala juu ya ukanda mwingine. Bila hiyo mlango unabanwa pembe za juu.

Mteja huyu ana makalio yaliyojaa, na sketi ilikuwa inapanda nyuma. Pima kutoka kiunoni hadi sakafuni mbele, ubavuni na nyuma. Kwake nyuma ilizidi mbele kwa sm 2. Ziongeze juu, kwenye mstari wa kiuno wa nyuma, zikiisha kidogokidogo ubavuni. Ukiziongeza kwenye pindo, mistari mitatu itakwenda mshazari ikilinganishwa na sakafu, na nyeupe juu ya bluu haisitiri kitu.

Nafasi ya mshono ni 1.5 kila mahali, pindo 4. Kwa kitambaa cha upana wa sm 150, paneli zote zinaenea kwenye urefu mmoja, zikijaza karibu sm 146. Nunua mita 1.3 ili mabawa, kanda na vipande vya kugeuzia ndani vipate mahali. Usigeuze paneli juu chini ili kubana nafasi. Gabadini hung'aa tofauti ikigeuzwa, na mwanga wa mchana utaonyesha. Utepe ni mita 4.5. Vifungo 10 vya mm 18, akiba 1. Vilini, kile kitambaa cha kukazia cha kubandika kwa pasi, nusu mita.

Jaribu kwanza kwa merikani, kuanzia kiuno hadi sm 30 chini tu. Mvalishe mteja, akae, ainame, apande ngazi. Merikani haigharimu kitu ukilinganisha na gabadini iliyokatwa vibaya.

Kushona

Bandika vilini kwenye kanda zote, kwenye mabawa yote, na kwenye ukingo wa mlango kwa upana wa 4. Kwenye ncha ya uwazi bandika mraba wa sm 3 kwa 3 kwenye paneli ya katikati na ya pembeni. Huo mraba ndio unaozuia mpasuko.

Unga mabawa na paneli za pembeni, mshono wazi, ukandamizwe kwa pasi. Shona kipande cha kugeuzia ndani kwenye mbavu za mlango. Hiki kinaweza kuwa cha pamba nyepesi, kwa kuwa hakibebi kifungo. Kata kijipasuo kuelekea ncha ya uwazi, uache mm 1 kabla ya mshono. Geuza, piga pasi. Sasa unga paneli ya katikati na za pembeni kutoka pindo kupanda, ukikomea kwenye ncha ya uwazi barabara, na urudie mishono mitatu minne. Ukipita ncha kwa mm 2 tu, mlango unajikunja hapo na pasi haitatoa. Funga ncha kwa upau wa zigizaga wa sm 1. Cherehani ya miguu isiyo na zigizaga, fanya kwa mkono: nyuzi nne za mlalo, kisha uzisokotee.

Shona ubavu mmoja, uache wa pili wazi ili kitambaa kilale bapa kwa ajili ya tepe. Chora kwa chaki: utepe wa kwanza uanze sm 5 kutoka ukingo wa pindo lililokunjwa, kila utepe mm 10, nafasi kati yake mm 10. Shikiza kwa uzi wa mkono. Uzi mweupe juu, wa bluu kwenye bobini, mshono wa mm 2.5, sindano namba 14. Kila utepe una mishono miwili, na yote miwili ianzie upande uleule. Ukienda na kurudi, mguu wa cherehani unausukuma ukingo mmoja mbele na mwingine nyuma, utepe unapata mikunjo ya mshazari hata kama ulisinyaishwa vizuri. Kisha funga ubavu wa pili, ukilinganisha mistari kwa pini pande zote mbili.

Ukanda unafuata, na kulabu katikati pamoja na kifungo kimoja bapa katikati ya mabawa. Itundike sketi usiku kucha kabla ya kufunga pindo, maana mbavu zimekatwa kwa mshazari kiasi na hushuka kidogo. Pindo la mkono.

Vitundu ni vya mwisho. Mlango pamoja na ukanda wake una kimo cha 22, vitundu vikae kwenye 2, 6.5, 11, 15.5 na 20 kutoka juu. Mstari wa vifungo uwe mm 15 ndani ya ukingo. Kitundu kina mm 21: upana wa kifungo 18 na unene wake 3. Kianze mm 3 nje ya mstari wa vifungo kuelekea ukingoni, kwa sababu kifungo kitavutwa hadi hapo. Mafundi wengi hupeleka kazi kwa mwenye mashine ya vitundu; mpe kwanza kipande chenye tabaka zilezile na vilini ileile ajaribie, maana kitundu cha kwanza kwenye ukanda, penye unene, ndicho kinachoharibika.

Vifungo vya dhahabu vyenye shingo vishonwe na kifungo kidogo cha plastiki nyuma ya bawa, uzi upite vyote viwili. Bila hicho, shingo ya chuma husaga gabadini mpaka inatoboka. Mteja aambiwe aifue sketi ikiwa imegeuzwa ndani nje na mlango umefungwa, kwa maji baridi, na aianike kivulini, kwa kuiningʼiniza kiunoni. Tepe zipigwe pasi kutoka nyuma, kitambaa kikavu kikiwa katikati.